Mtoto Aliyefupika

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya maji nyuma ya nyumba yetu hapa Umoja, na aibu yangu ni kwamba kwanza nilimsikitikia mtu ambaye hakufa. Ujumbe uliletwa kwenye kundi la simu la watu tuliofanya kazi pamoja miaka iliyopita katika mradi wa utafiti wa afya, kundi ambalo siku hizi halina lolote ila salamu za Krismasi na picha za watoto wanaohitimu. Uliandikwa majina yake matatu, ukasema amelala, na mazishi yatakuwa kwao Machakos. Sasa, katika simu yangu nina watu wawili wenye majina hayo hayo matatu: yeye, mwenzetu wa mradi ule, na binamu yake mchonga vinyago aliyewahi kunichongea fimbo. Kwa kuwa binamu ndiye niliyemjua kuwa mgonjwa wa sukari, niliamua mwenyewe kwamba aliyekufa ni binamu. Nikampigia marehemu ili nimpe pole. Hakushika. Nikapiga ile namba nyingine nikitaraji kumpata mjane, na sauti nzito ya mwanamume ikaniambia, “Mzee, mimi nipo. Ni yeye ndiye ameenda.” Nilibaki nimeshika mtungi, na akina mama nyuma yangu wakaniuliza kama nimekuja kuteka maji au kusimama.

Msomaji wangu wa Eastlands hatashangazwa na majina hayo kufanana. Ukambani, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Kati, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kike akapewa la nyanya. Ndugu watatu wakioa, babu mmoja huzaliwa mara tatu. Marehemu alikulia Ziwani, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, baba yake akiwa dereva na amu zake wawili wakiishi hatua chache kutoka mlangoni pao. Walikuwepo wavulana watatu wa jina moja katika ua mmoja. Mmoja aliitwa Mrefu, mwingine akaitwa wa Reli kwa sababu ya kazi ya baba yake, na yeye akaitwa wa Vitabu. Mama akiita jina tupu kutoka dirishani, alinieleza, hakuna aliyeitika, maana kila mmoja alitumaini anayetakiwa kwenda dukani ni mwenzake. Alikuwa akicheka sana akisimulia hayo, naye hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Nimechoka kuandika kumbukumbu. Msomaji mmoja aliniandikia juzi kwamba safu hii imegeuka kuwa ubao wa matangazo ya vifo, na ana haki, kwa sababu ni kweli umri wangu umefika mahali ambapo simu ikilia asubuhi mtu hujiuliza ni nani tena. Na huyu wa leo hakuwa hata rafiki yangu. Hatukutembeleana. Sijui watoto wake walisoma wapi. Alikuwa mtu wa kujuana naye kazini: mwembamba, sweta mwilini hata Januari, penseli sikioni kama fundi seremala ingawa kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Alichukia neno “takriban”. Ukimwambia utafika takriban saa nne, alikuuliza kwa upole, “Saa nne gani hiyo, mwalimu?” Mimi aliniita mwalimu kwa sababu ya Kiswahili, ingawa sijawahi kushika chaki.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuwahesabu watu wa sehemu moja ya Mukuru kwa Reuben, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi michache. Nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama, mtoto ana uzito gani na urefu gani, nani nyumbani anakohoa. Ofisi yetu ilikuwa hapa hapa Umoja, ghorofani juu ya duka la simenti na misumari, na tulikuwa timu ya watu wa kila elimu. Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya milipuko, ambaye ndiye mkubwa wetu. Kulikuwa na nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Kulikuwa na msomi wa mila na desturi, binti mpole aliyeandika kila kitu. Kulikuwa na yeye, mtu wa hesabu na kompyuta. Kulikuwa na wahojaji, vijana wa Mukuru kwenyewe waliotembea na simu za kazi na kipimo cha urefu begani. Na kulikuwa na mimi, niliyeajiriwa kuyaweka maswali katika Kiswahili ambacho mama wa Mukuru angekielewa huku akisonga ugali. Kila Jumatatu tulikutana kwenye birika moja la chai na sahani ya mandazi, na kila mmoja akasema ya kwake. Katika barua zao wakubwa walisifu sana mchanganyiko huo wa fani. Kwa jinsi nilivyouona mimi, tulikuwa watu waliosoma sana, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize ili aseme yeye.

Kabla sijaendelea, niseme langu. Hojaji ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ndefu kupita kiasi, na wahojaji walilalamika kwamba akina mama huchoka, sufuria zinaungua, watoto wanalia. Nikaambiwa niipunguze. Katika kupunguza huko nilikutana na swali la kumi na tisa, lililokuja mara tu baada ya majina rasmi ya mtoto: “Nyumbani mnamwitaje?” Nililiona ni la mchezo. Jina tumeshaliandika, nikawaza, haya ya nyumbani yanatuhusu nini? Nikalikata. Hakuna aliyeniuliza, na Jumatatu iliyofuata nilisifiwa kwa kazi safi. Nilikula mandazi matatu siku hiyo.

Sasa, kazi ya marehemu ilikuwa kusafisha. Yale yanayoletwa na wahojaji huja na takataka nyingi: mtandao ukikatika kijana hubonyeza mara mbili, na mtoto mmoja akaingia kwenye orodha kama watoto wawili. Yeye aliyachambua yote kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo, na ili asichambue punje moja moja aliiwekea kompyuta kanuni. Kanuni ilisema: ukikuta watoto wawili wenye majina matatu yanayofanana, jinsia moja, ploti moja, yaani ua mmoja wa vyumba vya kupanga, na waliozaliwa mwezi mmoja, huyo ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, bakiza mmoja. Alitueleza Jumatatu moja, akatuuliza kama kuna mwenye neno. Daktari alisema ni sawa. Nesi alikuwa anamimina chai. Binti wa mila alikuwa anaandika. Mimi nilipiga makofi, kwa sababu orodha ilikuwa imepungua na kila kilichopungua kilinifurahisha siku hizo.

Katika ploti moja kule Mukuru waliishi ndugu wawili kutoka Murang’a, vibarua wa viwandani, milango yao ikitazamana. Wake zao walijifungua mwezi mmoja, wote wasichana, wote wa kwanza. Mnajua kilichofuata. Wasichana wote wawili walipewa jina la mama yao hao ndugu, la ubatizo na la asili kwa pamoja, na la tatu likawa jina la babu ambalo familia nzima hulitumia. Kompyuta iliwatazama, wakaingia katika kanuni yake barabara. Mmoja akabaki. Mwingine akatoka.

Haya yangekuwa mambo ya karatasi tu kama mjomba mmoja aliyekaa ploti ile hangepatikana na kifua kikuu. Watoto wadogo wanaoishi karibu na mgonjwa wa namna hiyo hupewa vidonge vya kuwakinga, na orodha ya watoto hao ilichapishwa kutoka kwetu, ikapewa mhudumu wa afya wa mtaa, mama mwenye bidii asiyekuwa na kosa lolote. Alifika na vidonge vya msichana mmoja. Akabisha mlango wa kwanza aliofikia, akawapa. Mama wa mlango wa pili akatoka na mtoto mgongoni, akauliza, “Na wangu?” Mhudumu akamwonyesha karatasi. “Mama, jina ni moja. Ni hii tu niko nayo kwa listi. Labda yako inakuja.” Mama yule akangoja. Watu wa Mukuru wamezoea kungojeshwa, na kwamba jina la mwanawe lilikuwa limefutwa ghorofani Umoja lilikuwa jambo ambalo hangeweza kulijua.

Kosa lilijitokeza kwa njia ya ajabu. Wahojaji walipima mtoto waliyemkuta nyumbani, na kwa kuwa kwenye simu kulikuwa na jina moja, raundi moja walimpima huyu, raundi nyingine yule. Basi kwenye kompyuta akaonekana mtoto mmoja ambaye aliongezeka kimo, kisha akafupika, kisha akarefuka tena. Mara ya kwanza marehemu aliona, akasema kijana ameshika kipimo vibaya, akarekebisha. Nisiwadanganye kwamba alikuwa malaika. Alirekebisha bila hata kuinua simu kuuliza. Mara ya pili alilileta kwenye chai ya Jumatatu kama kichekesho: tuna mtoto anayefupika. Nesi aliweka kikombe chini. “Mtoto hafupiki,” alisema. “Mtoto anakonda, anavimba, anakufa. Hafupiki.”

Marehemu akamwita mhojaji wa eneo lile, kijana aliyekuwa mlangoni akijiandaa kutoka. “Raundi hii ulimpima yupi?”

“Yule wa mlango wa bluu.”

“Na raundi ile iliyopita?”

“Ile ingine nilipata wa bluu ameenda kwa kina mamake, nikapima wa mlango wa mabati.” Kijana alitutazama mmoja mmoja. “Si wako wawili, boss. Hao wanashare jina tu, ya cucu, nyanya yao. Kwani hamkuwa mnajua?”

Kila mmoja akaanza kusema, na hapo ndipo palipoumiza. Binti wa mila alisema ndiyo, ni desturi, na kwamba alishaliandika hilo katika ripoti yake ya kwanza. Nesi alisema hata yeye aliwaona kliniki, wawili, mama zao wameketi benchi moja. Kila mtu alijua kipande chake. Na marehemu, mtoto wa Ziwani, aliyelelewa katika ua wenye wavulana watatu wa jina moja, alikaa kitini mikono juu ya magoti na uso umemwanguka. Alisema neno moja tu kwa kijana: “Yule wa mabati yuko wapi sasa?”

“Huyo ni mgonjwa,” kijana akasema. “Anakohoa sana. Amekonda.”

Nesi hakumaliza chai. Siku hiyo hiyo mtoto alipelekwa hospitali, na majibu yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Akaanzishiwa dawa za kutibu, zile za miezi mingi, badala ya zile za kinga alizokosa. Nasi tukaitwa kikao. Mkubwa wetu hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu mwenye ripoti ya kuandika. Alisema kanuni irekebishwe, mtoto arudishwe kwenye orodha, na sentensi moja iwekwe mwishoni mwa ripoti pale ambapo watafiti hutaja mapungufu ya kazi yao. Kisha tuendelee. Marehemu akasema sawa, atafanya yote, lakini kwanza anaenda kwa yule mama.

“Kumwambia nini?”

“Kumwambia ni mimi.”

“Huo si utaratibu wetu,” daktari alisema, na ilikuwa kweli. Tulikuwa na utaratibu wa kila kitu: wa kupima, wa kuuliza, wa kuomba idhini, wa kutunza siri. Wa kwenda kusema “ni mimi” haukuwepo.

Aliniomba nimsindikize. “Mwalimu, twende unisaidie maneno,” aliniambia, “mimi nikikasirika au nikihuzunika Kiswahili hunikimbia.” Tulienda adhuhuri, jua kali, njia nyembamba zikinuka sabuni na maji yaliyolala. Mama alikuwa akifua mlangoni, mtoto amelala kitandani nyuma ya pazia. Kule kila aliyevaa kitambulisho shingoni huitwa daktari, akatukaribisha hivyo.

“Karibuni, daktari. Kaeni hapo kwa kitanda, stuli ni moja.”

“Mama, mimi si daktari,” marehemu alisema, akabaki amesimama. “Mimi ndiye huweka majina kwa kompyuta. Jina la mtoto wako lilikuwemo, na mimi nikalitoa. Niliona yanafanana nikadhani ni mtoto mmoja. Ndiyo sababu dawa haikufika kwako.”

Mama alikamua nguo aliyokuwa ameshika, akaitandika kwenye ukingo wa karai. “Uliniuliza?”

“Hapana.”

“Ungeniuliza ningekuambia. Huyu ni wangu, yule ni wa shemeji. Hata kuku ukipata wawili kwa ploti, unauliza ni za nani.”

“Ni kweli, mama. Sikuuliza. Nimekuja kuomba msamaha.”

“Nani amekutuma?”

“Sijatumwa.”

Ndipo aliponigeukia mimi. “Na huyu mzee?”

Msomaji wangu, nilikuwa na nafasi. Ilikuwa wazi kama mlango ule. Ningeweza kusema: mama, kulikuwa na swali ambalo lingekuuliza unamwitaje mtoto nyumbani, na jibu lako lingemtofautisha na binamu yake, nalo nililikata mimi kwa sababu niliona ni la mchezo. Maneno ndiyo kazi yangu. Nilipelekwa pale kwa ajili ya maneno. Nikatazama viatu vyangu, na marehemu akanijibia, “Amenisindikiza tu.”

Mama akafuta mikono. “Msamaha sijui,” alisema. “Wacha kwanza apone. Lakini umekuja. Sasa nishikie huyu nimpe dawa, maana hutema.” Na yule mtu wa hesabu, ambaye nadhani hakuwa amebeba mtoto wa mtu mwingine maishani, alimpakata msichana yule mwepesi mno kwa umri wake, akamshika kidevu, na mtoto akatema nusu ya dawa kwenye sweta. Akapewa nyingine. Akameza. Marehemu alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka dawa zilipokwisha, kila mara kushika kidevu tu. Mama alimtajia jina la nyumbani la mtoto. Nami nililisikia siku ile ya kwanza, na sitaliandika hapa.

Kazini mambo hayakuwa mepesi. Alidai kila mtoto aliyetolewa na ile kanuni atafutwe kwa miguu, mlango kwa mlango, na akatoka mwenyewe na karatasi yake na penseli, akiuliza, “Mama, hapa kuna watoto wangapi, na mnawaitaje?” Alipata wengine, si wengi, hakuna aliyekuwa mgonjwa. Lakini ripoti ilichelewa, wakubwa wakanuna, na awamu iliyofuata ilipoanza yeye hakuwamo. Hakuna aliyemfukuza. Aliachwa tu, kama wanavyoachwa watu wanaokumbusha wenzao jambo. Akaenda kufundisha kompyuta katika chuo kidogo karibu na soko, na nikikutana naye tukasalimiana, “Niaje, mwalimu,” “Niaje, bwana saa nne gani,” tukapita.

Nimekuwa nikifikiria kazi yake siku hizi zaidi kuliko nilivyoifikiria zamani, kwa sababu sasa sote tumo ndani ya kompyuta ya mtu fulani. Ukienda hospitali unaambiwa hauko kwa sistimu. Ukienda kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, hauko kwa sistimu. Jirani yangu, bibi aliyefanya kazi ya karani miaka yote, aliambiwa na msichana dirishani kwamba rekodi zinaonyesha ameshachukua huduma aliyoifuata, naye akajibu kwamba basi wampeleke kwa huyo mwanamke aliyemchukulia. Tulicheka sana hapa plotini. Lakini alirudi nyumbani bila dawa ya presha. Na kinachonichosha si mashine. Mashine haijawahi kunikosea heshima. Kinachonichosha ni kwamba nyuma ya kila “hauko kwa sistimu” kuna mtu kama yeye, au mtu kama mimi, aliyekata swali Ijumaa jioni ili aende nyumbani mapema, na ambaye hatakuja mlangoni kwako kamwe. Tumepata njia ya kukosea bila kuonana na tuliyemkosea. Zamani aliyekupunja kilo ulimjua duka lake.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alasiri, kwenye kibanda cha chai karibu na chuo chake. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, nami sikujua. Nilidhani ni uchovu tu. Tuliongea habari za watu, nani amestaafu, nani amehamia kwa watoto. Halafu, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa, akasema, “Mwalimu, lile swali la kumi na tisa.”

Nikamuuliza lipi, ingawa nilijua.

“Mimi huweka kila nakala,” akasema. “Ya kwanza ilikuwa nalo. Yako haikuwa nalo. Nililiona jioni ile ile tuliyotoka kwa yule mama.”

“Na hukusema.”

“Halikuwa langu la kusema.” Hakuwa amekasirika. Nadhani ingekuwa nafuu kama angekasirika. “Nilidhani utaenda. Halafu nikadhani umeenda bila kuniambia. Ulienda?”

Nikamwambia nilikuwa na mambo mengi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa takriban. Tukaagana kwa mikono miwili, na nikajiahidi kwamba wiki hiyo nitaenda. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimekwisha kulitumia neno hilo katika safu hii kuwachapa wanasiasa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikuenda wiki hiyo wala mwezi huo.

Tulimzika Machakos, vumbi jekundu likiingia kwenye viatu. Wasifu uliosomwa ulitaja vyeti vyake na kwaya ya kanisa lake. Wa timu yetu tulikuwa watatu: nesi, amezeeka sana, yule kijana mhojaji, ambaye sasa ana ndevu, na mimi. Hakuna aliyemtaja mtoto wa mlango wa mabati. Nesi alilia bila kujificha, na mimi nililia pia, na naomba mnisamehe nikisema kwamba si machozi yote yalikuwa ya marehemu.

Jumamosi iliyofuata nilienda Mukuru. Nusu ya njia ile imebomolewa kupisha barabara, ikabidi niulize mara nne, lakini ploti ipo na mama yupo, mlango umepakwa rangi. Alinitambua kwa shida. Nilimpa kwanza habari ya kifo, na hakuwa nayo. Alikaa chini kwenye kizingiti pale pale. “Yule wa kushika kidevu?” aliuliza, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa muda mrefu kuliko baadhi ya watu waliokuja kwenye mazishi. “Hakuna mtu alituambia. Tungeenda. Hata mtoto angeenda.” Mtoto hakuwepo, ni msichana mkubwa sasa, yuko darasani hata Jumamosi, anapumua vizuri, ingawa mama anasema baridi ya Julai bado humkamata kifua.

Ndipo nikasema langu. Swali la kumi na tisa, jinsi nilivyolikata, jinsi nilivyonyamaza mbele yake mwenzangu akibeba peke yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yalitoka vizuri, kwa Kiswahili fasaha. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama bila chuki yoyote, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia akaja kuuliza kwako.

“Sawa, mzee,” alisema. “Nimesikia. Lakini yeye alikuja mtoto akiwa bado anakohoa. Wewe umekuja akiwa shule.”

Akaniletea maji ya kunywa, kwa heshima ya mvi zangu, nikanywa, nikaondoka. Sina la kuongeza juu ya maneno yake, na kwa mtu anayelipwa kuongeza maneno hilo ni jambo zito. Ila hili tu, msomaji wangu, maana najua kati yenu wamo makarani, manesi, walimu, na watu wa kompyuta wenye kanuni zao. Kosa lako lina mlango, na nyuma ya mlango huo kuna mtu anayengoja bila kujua anamngoja nani. Usisubiri maneno yako yawe mazuri. Nenda leo, mtoto akiwa bado anakohoa.